Gandhi na kamba ya nyuzi tatu

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama munaotungojea nyumbani, leo tunaleta habari ya mtu aliyekufa zamani, Mohandas Gandhi wa India. Wengi wetu tunajua jina lake na ile picha ya mzee mwembamba mwenye kuvaa shuka nyeupe. Wachache wanajua kwamba mgomo mkubwa, ile tunaita grevi, aliufanya pamoja na wachimbaji wa makaa ya mawe, hapa hapa Afrika. Tunaileta juu ya jambo moja: ginsi mtu anavyopanga siku yake, chakula chake na usingizi wake, njo ginsi atakavyosimama siku ya shida.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 kule Porbandar. Hakuzaliwa mtakatifu. Walimwoza akiwa na miaka 13. Alivuta sigara kwa siri, akala nyama ambayo dini ya kwao ilikataza. Akiwa na miaka 15 aliiba dhahabu. Ndiyo, dhahabu: alikata kipande kwenye bangili ya kaka yake juu ya kulipa deni. Roho ikamsumbua, akaandika yote kwenye karatasi, akampa baba yake aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mzee akasoma, akalia, akapasua karatasi, hakumpiga. Kijana hakusahau ile siku.

Mwaka 1888 alienda London kusoma sheria. Huko njo alisoma mara ya kwanza Bhagavad Gita, kitabu kikubwa cha Wahindu. Kitabu kile kinafundisha yoga. Tusifikiri yoga ni kukunja miguu tu. Ni njia ya mtu kujitawala. Kinasema kila mtu ana guna tatu ndani yake. Neno guna maana yake pia ni uzi wa kamba, na sisi tunaoshuka shimo kwa kamba tunaelewa upesi. Uzi wa kwanza ni tamas: uzito, giza, uvivu. Wa pili ni rajas: moto, haraka, tamaa. Wa tatu ni sattva: utulivu na akili yenye kuona wazi.

Hakuna mtu wa uzi mmoja. Wote tuko na tatu, lakini kila siku tunalisha mmoja kuliko mingine. Chakula kilicholala mpaka kikaharibika kinalisha tamas. Kile kikali, cha pilipili na chumvi nyingi, kinalisha rajas. Kile safi chenye kutia nguvu na kutuliza mwili kinalisha sattva. Hata kazi na zawadi ni vilevile: kuko anayetoa juu ya kusifiwa, na kuko anayetoa kimya.

Mwaka 1893 alipanda meli, akapita Lamu, Mombasa na Zanzibar, akafika Durban kama avoka wa wafanyabiashara Wahindi. Hazikupita siku nyingi, akatupwa nje ya treni kule Pietermaritzburg juu ya rangi yake. Akaanza kupigania haki ya Wahindi. Tuseme kweli yote: miaka ile ya kwanza aliwapigania Wahindi peke yao, na juu ya sisi watu weusi aliandika maneno ya dharau. Na nyumbani alikuwa moto. Siku moja alimvuta mke wake Kasturba mpaka mlangoni, anataka kumfukuza, juu alikataa kubeba kwa furaha chombo cha choo cha mgeni. Mama akalia, akamwuliza kama hana haya. Gandhi akapata haya kweli.

Njo akaanza kujirekebisha kwa vitu vidogo. Kule Johannesburg alibandika maneno ya Gita ukutani, akayashika kichwani asubuhi akisugua meno: dakika 15 kila siku, mpaka sura 13 zikaingia. Mwaka 1910, katika shamba alilopewa na rafiki yake Hermann Kallenbach, alikaa na familia za watu waliokuwa buloko juu ya mapambano. Shamba liliitwa Tolstoy. Hakuna boyi, hakuna pombe, hakuna tumbako. Kila mtu analima, anapika, anasafisha choo.

Ile mazoezi ikazaa matunda mwaka 1913. Serikali ilikuwa inatoza pauni 3 kila mwaka kwa Wahindi waliomaliza mkataba wa kazi. Mwezi wa Oktoba, wamama waliotoka shamba la Tolstoy walienda Newcastle kuongea na wachimbaji wa makaa. Wachimbaji wakaweka vifaa chini. Wenye migodi wakakata maji na taa katika kambi. Gandhi akawaambia watoke na mablanketi yao. Tarehe 6 Novemba wakavuka mpaka kwa miguu: wanaume 2,037, wanamke 127, watoto 57. Chakula kilikuwa mkate na sukari kidogo. Sheria zilikuwa chache: usiguse mali ya mtu, usirudishe pigo, ukikamatwa nenda. Yeye alikamatwa mara tatu kwa siku nne, na watu wakaendelea kutembea bila yeye. Mwaka 1914 kodi ile ikafutwa.

Tuliwahi kuona kwetu mgomo ukivunjika kwa asubuhi moja. Usiku vijana walikunywa lotoko, asubuhi mawe yakaruka, na saa sita hakuna aliyekumbuka tena tulichokuwa tunadai. Madai yalikuwa ya haki. Sisi wenyewe hatukuwa tayari.

Gandhi naye alionja uchungu ule. Kule India, Februari 1922, watu wa upande wake walichoma kituo cha polisi cha Chauri Chaura, polisi wapatao 22 wakafa. Alisimamisha mapambano ya nchi nzima, akafunga kula siku tano. Wengi walimkasirikia. Lakini aliona moto umepita utulivu, na kamba ya namna ile itakatika na watu wangali shimoni. Yeye aliendelea na siku yake: kuamka saa kumi ya alfajiri, sala, kutembea, kusokota pamba, na Jumatatu kunyamaza.

Hakuweza yote. Mtoto wake wa kwanza, Harilal, alizama katika pombe, na ukali wa baba haukumtoa. Wazazi, tushike hiyo: desturi njema mtu anaifanya mbele ya watoto, haipigwi kwa fimbo.

Aliuawa tarehe 30 Januari 1948 kule Delhi, akienda kwenye sala ya jioni. Sehemu ya majivu yake ilitiwa katika Nili, kule Jinja, Uganda.

Sisi wa Salamabila na Namoya hatuna haja ya kugeuka Wahindu. Kila mmoja ana dini yake. Lakini tuanze na kidogo: siku ya kuuza dhahabu, pesa ifike nyumbani kwanza. Tule mchele na sombe ya leo, si ya juzi. Tulale usiku. Na mbele ya kushuka, kama tunavyokagua kamba kwa mkono, tujiulize ni uzi gani tuliolisha jana.