El Santo: Jamaa Aliyeficha Sura Miaka 40 na Bado Anajulikana Kila Mahali

Kama ulikua ukicheki mieleka kwa TV ya jirani, Rey Mysterio lazima unamjua. Msee mfupi, maski usoni, anaruka kamba kama paka. Sasa jua hivi: stori ya maski imekolea Mexico kitambo, na aliyeipa heshima zaidi ya wote ni El Santo.

Maski yake ya fedha utaipata leo kwa picha ambazo wasanii huchapa kwa mkono, vile tu maboy wa mtaa huchapa T-shati: wavu, rangi, unavuta, unangoja ikauke, unaweka rangi ingine. Zinachapwa chache na kila moja inaandikwa namba kwa penseli. Ukiona 7/100, hiyo ni ya saba kati ya mia. Zikiisha, zimeisha. Watu hununua, wanaweka kwa fremu. Lakini hebu angalia poa: hakuna sura hapo. Ni maski tu.

Mwenye maski aliitwa Rodolfo Guzmán Huerta. Alizaliwa 23 Septemba 1917 huko Tulancingo, jimbo la Hidalgo. Familia ikahamia Mexico City, mtaa wa Tepito, ule wenye soko kubwa na mabondia. Fikiria Gikomba.

Mwanzo ulikuwa noma. Alipigana kwa jina lake, halikushika. Akabadilisha, akabadilisha tena. Kuna wakati alijiita Murciélago II, yaani Popo wa Pili. Shida ni kuwa Popo wa kwanza alikuwa bado ako kazini! Jamaa akalalamika, Rodolfo akapokonywa jina. Aibu kiasi gani?

Halafu 26 Julai 1942, akiwa na miaka 24, akaingia ulingoni na maski ya fedha. El Santo. Maana yake Mtakatifu, na cha kuchekesha ni kuwa mtakatifu mwenyewe alikuwa mchafu, mmoja wa wale wa kuvunja sheria refa akigeuka. Alikaa huko miaka kama 20 kabla ya kuhamia upande wa watu wazuri.

Na usidhani maski ni pambo. Huko kuna pambano la kuweka maski rehani. Ukishindwa, unaivua mbele ya watu wote, unataja jina lako la kuzaliwa, na maisha ya siri yameisha hapo. Mwaka 1952 El Santo alimvua Black Shadow. Rafiki ya huyo, Blue Demon, akabeba hiyo beef miaka mingi, na alimpiga El Santo kweli. Lakini maski ya fedha haikutoka.

Mwaka huo huo akaanza kutoka kwa vitabu vya katuni. Kisha filamu, zaidi ya 50, mbili za kwanza zikipigwa Cuba 1958. Alitwangana na vampaya, mamii na wanasayansi wenda wazimu, zote akiwa na maski. Hata kula alikuwa na maski yake maalum, iliyoachwa wazi kidevuni. Inasemekana akisafiri kupiga filamu alipanda ndege tofauti na wenzake, ndio wasimwone akivua maski pale uhamiaji.

Piga hesabu ya hiyo maisha. Wewe ndiye mtu maarufu zaidi nchini, lakini ukivua maski unanunua mkate kama kila mtu. Sifa zote zinaenda kwa kitambaa.

Alistaafu Septemba 1982, hakuna aliyewahi kumvua. Kisha Januari 1984, akiwa kwa kipindi cha TV, bila kulazimishwa na yeyote, akainua maski kidogo. Nchi nzima ikaona sehemu ya uso wa mzee wa miaka 66. Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari, moyo ukagoma baada ya shoo jukwaani. Akaenda.

Walimzika na maski yake ya fedha. Kijana wake, El Hijo del Santo, akaendelea na ile ile.

Ndio maana msanii akichora leo, hachori Rodolfo. Anachora kile Rodolfo alichagua tumkumbuke nacho, wakati sura yake mwenyewe aliionyesha mara moja tu, haraka, kama mtu anayeaga.

Wewe ungekubali kuomoka hivyo, bila mtu kujua ni wewe?