Abu Bakr Arrazi, Tabibu wa Maskini

Wako watu ambao majina yao tumeyasikia tangu utotoni, lakini tukiulizwa walifanya nini hatuna jawabu. Mmoja wao ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Arrazi.

Alizaliwa mwaka 251 Hijria (865 Miladi) katika mji wa Rayy, ulio karibu na Tehran. Elimu ya tiba aliiingia akiwa ni mtu mzima, wala umri haukumzuia kuwapita wenziwe. Akawa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad.

Alipokaa barazani, wanafunzi wake walimzunguka safu baada ya safu. Mgonjwa ajapo, hutazamwa kwanza na walio safu ya nje. Wakishindwa, hupelekwa kwa walio ndani yao. Na hao wakishindwa, ndipo Arrazi mwenyewe asemapo. Hivyo mgonjwa alitibiwa na mwanafunzi akasoma kwa wakati mmoja. Walioandika habari zake wamesema kwamba alikuwa karimu, mwenye huruma kwa mafakiri, akiwauguza na kuwapa cha kujikimu.

Alimtungia mtawala wa Rayy kitabu cha tiba, lakini hakumsahau mnyonge. Alitunga kitabu kingine kwa ajili ya mtu asiyefikiwa na tabibu, akaeleza humo maradhi pamoja na dawa zipatikanazo jikoni na sokoni, ili fakiri asife kwa kukosa fedha za kumwita daktari.

Na lililo kubwa ni kwamba hakuridhika kufuata tu. Maneno ya Galen, tabibu wa Kiyunani, yalikuwa yameshikwa kama kwamba hayana makosa. Arrazi alimheshimu kama mwanafunzi amheshimuvyo mwalimu wake, kisha akatunga kitabu cha mashaka yake juu yake, kwa kuwa baadhi ya aliyoyaona kwa wagonjwa hayakuwafikiana na yaliyoandikwa. Alipotaka kujua kama kutoa damu kwawafaa wenye dalili za uvimbe wa ubongo, kundi moja alilitoa damu, na la pili akaliacha kwa kusudi, akatazama. Hukumu aliyoipata madaktari wa leo hawaifuati, na utafiti kama huo sasa hutaka idhini ya mgonjwa. Lakini kulinganisha kundi na kundi ndiyo njia ipimiwayo dawa hata hivi leo.

Katika kitabu chake juu ya ndui na surua alizipambanua dalili zake: maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, na kichefuchefu na dhiki ya moyo huzidi katika surua. Akahimiza macho ya mgonjwa yalindwe mapema, maana ndui ilipofusha wengi. Sababu ya maradhi hakuijua, akadhani ni kuchemka kwa damu. Lakini aliyoyaona kwa macho yake aliyaandika sawasawa, na mwaka 1848 kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza. Ndui hiyo, mgonjwa wake wa mwisho wa kuambukizwa kwa kawaida alipatikana Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977. Na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba imekwisha.

Wanavyuoni wengi waliyapinga maneno yanayonasibishwa naye katika falsafa, wala hatuyatetei. Lakini tiba yake waliisoma, kwani elimu yenye manufaa haitupwi kwa kosa la mwenyewe katika jambo jingine.

Mwisho wa umri wake alipofuka, yeye aliyehimiza macho ya wengine yalindwe. Akafa Rayy mwaka 313 Hijria (925 Miladi). Wanafunzi wake wakakusanya karatasi alizoziacha, zikawa kitabu kikubwa kiitwacho Alhawi, ambacho mwaka 1279 kilifasiriwa kwa Kilatini.

Basi tusitosheke kulitaja jina lake kwa fahari. Mwenye mtoto na amsomeshe uuguzi au udaktari; na atakayesoma, mlango wake usifunguke kwa tajiri ukafungwa kwa maskini.