MUYAKA, MALENGA ALIYEJUA KUSITIRI

Mwaka jana nikiwa likizoni nyumbani Shanzu, babu alifungua daftari langu la dini akakuta shairi la mapenzi, na jina la binti wa jirani limekaa pale wazi kabisa. Alilichana vipande vipande. Nikaapa sitatunga tena.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wetu wa Kiswahili alinipa kitabu juu ya Muyaka bin Haji, kilichoandikwa na Mohamed H. Abdulaziz mwaka 1979. Kumbe bwana huyu alikuwa mtu wa papa hapa Mombasa! Alizaliwa yapata mwaka 1776, akafariki yapata 1840. Alikuwa mfanyabiashara na rafiki wa watawala wa Kimazrui, na kwa mashairi yake aliwatetea dhidi ya Sayyid Said wa Oman, hadi utawala wao ulipoanguka mwaka 1837.

Zama hizo tungo nyingi zilizoandikwa zilikuwa tenzi za dini. Muyaka yeye alitunga mashairi ya mishororo minne juu ya mambo ya kila siku: biashara, ufukara, safari, ndoa, wivu na mapenzi. Katika mji wa misikiti na maulidi, hilo si jambo dogo. Lakini alikuwa fundi wa mafumbo. Mwenye kujua alijua, na asiyejua alistarehe na utamu wa maneno.

Basi watu wakayahifadhi vichwani. Miaka mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua, naye mshairi wa Mombasa, aliyakusanya. Mmisionari W. E. Taylor akayanakili, na mwaka 1940 W. Hichens akayachapisha kule Johannesburg.

Likizo iliyofuata nilimtajia babu jina la Muyaka. Mzee akacheka, akaghani ubeti mzima wa mapenzi, wala hakukosa neno! Nikamuuliza mbona langu alilichana. Akanifahamisha kwamba kosa langu halikuwa kupenda wala kutunga. Kosa lilikuwa kumwanika mtoto wa watu, ambaye kesho yake angeshindwa kupita njiani kwa maneno ya walimwengu.

Sasa nimeanza kutunga upya. Namtungia nani? Hilo, wasomaji wapenzi, msiniulize.