Bibi Rufaida Al-Aslamiyya (R.A.), muuguzi na mwalimu wa wauguzi

Ndugu Waislamu, leo tunayaangalia maisha ya mwanamke wa Madina ambaye jina lake hutajwa sana panapozungumzwa uuguzi katika Uislamu, ingawa habari zake husimuliwa nusu. Naye ni Bibi Rufaida Al-Aslamiyya (R.A.).

Bibi huyu alitokana na kabila la Aslam, na alimpa Mtume (S.A.W.) kiapo cha utii baada ya Hijra. Waandishi wa sira wametofautiana katika jina lake. Ibn Is-haq amemtaja kwa jina la Rufaida, ilhali Al-Waqidi na Ibn Saad wamemtaja mwenye hema lile kuwa ni Kuaybah binti Saad. Wapo wanazuoni waliosema ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na wapo waliosema ni ndugu wawili. Hata hivyo, habari za hema lenyewe na kazi iliyofanyika ndani yake zinafanana.

Hema hilo lilikuwa katika msikiti wa Mtume (S.A.W.). Humo Bibi Rufaida aliwatibu majeruhi, na pia aliwahudumia Waislamu wasiokuwa na mtu wa kuwaangalia. Ujuzi wa namna hiyo haukukaa kwa mtu mmoja. Bibi Ummu Atiyya (R.A.) alitoka na Mtume (S.A.W.) katika vita saba, akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa. Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) na wenzake waliwanywesha maji wapiganaji na kuwarejesha majeruhi Madina. Waandishi wengi wa zama zetu humhesabu Bibi Rufaida kuwa ndiye mwalimu wa kwanza wa wauguzi katika Uislamu.

Mwaka wa 5 Hijria (627) vilipiganwa vita vya Handaki. Saad bin Muadh (R.A.), kiongozi wa kabila la Aus, alipigwa mshale uliokata mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W.) aliamuru awekwe katika hema la Rufaida, ili awe karibu naye na aweze kumzuru. Kila alipopita jioni alimwuliza hali yake, na asubuhi akarudi kumwuliza tena. Damu ilikatika na kidonda kikaanza kukauka. Siku ilipofika ya kutoa hukumu juu ya Bani Quraydha, Saad alipandishwa juu ya punda akaenda, kisha akarejeshwa hemani. Ndipo kidonda kilipopasuka. Watu wa kabila la Ghifar, waliokuwa na hema lao hapo hapo msikitini, walishtukia damu ikitiririka hadi kwao, na walipouliza waliambiwa ni ya Saad. Akafariki dunia kwa jeraha hilo.

Ndugu msomaji, hebu tutafakari kidogo. Mgonjwa huyo alikuwa miongoni mwa watu wazito kabisa wa Madina, na kifo chake kilitokea baada ya majuma kadhaa ya kuuguzwa. Hata hivyo, sira hazikutaja kwamba Bibi Rufaida alilaumiwa, wala hema lake halikuvunjwa.

Kwa nini tunayakumbuka haya hapa kwetu? Mwanza ina Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, na pembeni yake kuna mafunzo ya uuguzi. Baadhi ya mabinti zetu wa Buswelu na vitongoji vya jirani wanasoma fani hiyo, nasi huwaombea dua. Wanaowafundisha ni nani anayewakumbuka? Mkufunzi wa uuguzi hufundisha darasani, kisha huingia wodini kuwasimamia wanafunzi, na akosee mwanafunzi, yeye ndiye mwenye kuulizwa. Usiku husahihisha kazi zao. Akirejea nyumbani Buswelu amechoka, jirani hubisha hodi kwa sababu mtoto ana homa, na kwa jirani yeye bado ni nesi tu. Mgonjwa akifa mbele ya wanafunzi, hana budi kuwatuliza wao kwanza, na majonzi yake huyaweka kando.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2020 kwamba dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.9, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa katika nchi zenye kipato kidogo kama zetu. Upungufu huo hauwezi kuzibwa pasipo walimu. Nasi tumezoea kusema kuwa uuguzi ni wito, na mara nyingi neno hilo hutumika kumnyima mtu mapumziko na haki yake.

Turejee kwa Bibi Rufaida. Mwaka wa 7 Hijria (628) Mtume (S.A.W.) alitoka kwenda Khaybar, na bibi huyu alikuwamo katika msafara. Al-Waqidi amepokea kwamba ngawira ilipogawanywa, Mtume (S.A.W.) alimpa fungu kamili, sawa na la mwanamume aliyepigana. Wanavyuoni wengi wa fiqhi wanaona kuwa mwanamke aliyehudhuria vitani hupewa kifuta jasho tu, si fungu, na kwa hiyo mapokezi haya yameleta mjadala miongoni mwao. Aliyepewa fungu hilo hakushika upanga; kazi yake ilikuwa ni kufunga vidonda.

Mwenyezi Mungu amridhie. Amin.