Mzee Aniceti Kitereza: Aliyewasikiliza Wazee Kabla Hawajaondoka



Kila mwaka katika jarida hili la harambee tunatenga kurasa chache kumkumbuka mtu mmoja wa kwetu. Mwaka huu tumemchagua Mzee Aniceti Kitereza wa Kagunguli, kwa sababu sehemu ya michango tunayoomba inahusu kazi ambayo yeye aliianza peke yake. Wengi wetu tunalijua jina lake. Wachache tumekisoma kitabu chake, na wachache zaidi tunajua jinsi alivyoishi.

Kuzaliwa na kukua

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alikuwa wa ukoo wa Wasilanga, ukoo wa watawala wa Bukerebe, mjukuu wa Omukama Machunda. Hata hivyo hakuzaliwa kisiwani. Baba yake, Malindima, alikuwa amehamia Usukuma kwa sababu ya mivutano ya ndani ya ukoo wa utawala, na huko ndiko mtoto alikozaliwa. Baba alifariki Kitereza akiwa bado mdogo, na mama akamrudisha Ukerewe kwa ndugu zake.

Alikua wakati dunia ya wazee wake ikibadilika mbele ya macho yake. Wajerumani walikuwa wameshika nchi. Mapadre Weupe walikuwa wamefungua misheni Kagunguli. Omukama bado alikuwa na heshima, lakini amri za mwisho zilitoka kwingine. Vijana walianza kuvaa nguo za dukani na kujifunza kusoma, huku babu na bibi wakiendelea kutambika, kutengeneza mitumbwi na kutibu kwa miti shamba kama walivyofundishwa na waliowatangulia. Mtoto wa ukoo wa watawala alisikia mengi, maana mbele ya Omukama kesi zilisikilizwa, wageni walipokewa na wazee walikumbushana ya zamani.

Mwaka 1905 aliingia shule ya misheni Kagunguli. Alikuwa mwepesi wa kushika masomo, na mwaka 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba. Huko alikaa takriban miaka kumi. Alijifunza Kilatini, Kijerumani, falsafa na mambo ya dini. Vita Kuu ya Kwanza ilipita akiwa huko. Alipotoka, Wajerumani walikuwa wameondoka na Waingereza wameshika nafasi yao.

Hakuendelea hadi upadre. Alirudi, na mwaka 1919 akamwoa Anna Katura.

Nyumba isiyo na mtoto

Hapa lazima tuseme jambo ambalo kwa desturi zetu ni zito kulitaja. Aniceti na Anna walijaliwa watoto wanne, na wote walifariki wakiwa wadogo. Kila msomaji wa kwetu anajua maana ya jambo hilo kwa mwanamume wa ukoo wa watawala katika miaka ile. Ndugu wangemtazamia aoe mke wa pili, na majirani wangekuwa na maneno yao. Kitereza hakuoa mke mwingine. Alibaki na Anna, na wakazeeka pamoja.

Ukilijua hilo, unakisoma kitabu chake kwa namna nyingine.

Kazi na kalamu

Kwa miaka mingi alifanya kazi Mwanza katika kampuni ya biashara ya Waitaliano. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Waitaliano wakawa maadui wa Waingereza na kazi ile ikaisha. Kitereza akarudi Kagunguli, akafanya kazi misheni na kuwasaidia mapadre katika tafsiri na maandishi.

Alikuwa sasa amekaribia miaka hamsini. Wazee aliowakuta akiwa mtoto walikuwa wamebaki wachache. Alianza kukusanya methali, hadithi na desturi za Wakerewe kutoka kwa waliokuwa bado hai. Aliyemtia moyo sana alikuwa Padre Almas Simard, Mkanada wa Mapadre Weupe, aliyependa lugha na mila za watu aliotumwa kwao.

Angeweza kuandika orodha tu: hivi ndivyo tulivyooa, hivi ndivyo tulivyozika, hivi ndivyo tulivyolima. Yeye alichagua kutunga hadithi ndefu ya familia moja, ili kila desturi ionekane mahali pake, ikitendwa na watu wenye njaa, hasira, mapenzi na hofu. Aliiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwezi Februari 1945.

Ndiyo hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ni mume na mke wanaopendana ambao hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, na wazazi wake wanapopata habari wanamchukua binti yao na kumrudisha nyumbani. Myombekere hatafuti mke mwingine. Anakwenda ukweni kuomba, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na anahangaika mpaka aipate. Mke anarudi, wanatafuta mganga, wanavumilia dawa za muda mrefu, na mwishowe wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali. Tunawafuata mpaka watoto wamekua na wazazi wamezeeka na kufariki.

Ndani ya hadithi hiyo kuna karibu maisha yote ya kisiwa kabla ya wageni kuja. Faini ile ya pombe, kwa mfano, hapiti juu yake kwa sentensi moja. Tunaona ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, mtama unavyotiwa, na nani anaitwa kusaidia. Tunaona namna ya kumsalimia baba mkwe, mahali pa kuketi mgeni, maneno ya kuombea radhi, kazi za kike na za kiume shambani, uvuvi, uwindaji, uzazi, ugonjwa na msiba. Jina la Ntulanalwo lenyewe ni la mtu aliyezoea misiba: maana yake ni kwamba ninaishi nacho, yaani kifo. Wazee wetu waliwapa watoto majina ya aina hiyo kwa sababu walijua kupata na kupoteza. Mwandishi naye alijua.

Kusubiri miaka thelathini na mitano

Mswada ulipokamilika, kazi ya kuutafutia mchapishaji ikaanza, na ikamshinda kila aliyejaribu. Padre Simard aliondoka nao kwenda Kanada, akijitahidi kuufasiri kwa Kifaransa ili uweze kuchapishwa huko, lakini alifariki kabla hajafanikiwa. Wachapishaji hawakuona wangemuuzia nani kitabu kinene kama kile kwa lugha ya kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria. Miaka ikapita. Nchi ikapata uhuru. Mswada ukabaki mswada.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa historia kutoka Marekani, Gerald Hartwig, alikuja Ukerewe pamoja na mkewe Charlotte kutafiti historia yetu. Wakamkuta Kitereza, mzee aliyekuwa na majibu ya maswali mengi waliyokuja nayo. Walipojua habari za mswada walimshauri aufasiri kwa Kiswahili, lugha ambayo taifa zima lingeisoma.

Fikirieni mzee aliyepita miaka sabini, anayeambiwa kwamba kazi aliyoimaliza robo karne iliyopita inabidi aianze upya katika lugha nyingine, kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Aliifanya. Kiswahili cha kitabu kile ni chake mwenyewe, na msomaji wa kwetu anaisikia Kikerewe ikipumua chini yake.

Tanzania Publishing House ilikubali kukitoa, kikiwa juzuu mbili, na mwaka wa kuchapishwa ni 1980. Uchapaji ulifanyika China na vitabu vikachelewa kufika. Mzee Kitereza alifariki mwezi Aprili 1981 bila kukishika kitabu chake mkononi.

Baada yake

Kitabu kiliendelea na safari. Kilifasiriwa kwa Kijerumani na kwa Kifaransa. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Profesa Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzetu wa Ukerewe. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wanajua jinsi Mkerewe alivyokuwa akiomba radhi kwa baba mkwe wake. Je, watoto wetu wanaosoma Nansio, Bukindo, Murutunguru na Muriti wanajua?

Tunajifunza nini

Mtu aweza kusema habari ya Mzee Kitereza ni ya kusikitisha, na kweli ina huzuni. Hata hivyo kamati haikuichagua ili tusikitike. Tumeichagua kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba aliwauliza wazee wakiwa bado wanaweza kujibu. Hakuwa na ofisi wala mshahara wa kazi hiyo. Alikuwa na kalamu, karatasi za misheni na uvumilivu. Kama angesubiri miaka ishirini zaidi, waliouona utawala wa Omukama Lukonge kwa macho yao wasingekuwepo, na mengi tunayoyasoma leo yangezikwa pamoja nao.

Ya pili ni kwamba msaada ulimfikia umechelewa. Tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Ukitokea msiba wa mzee wa kwetu, kundi la simu linajaa michango kabla jua halijazama: turubai, jeneza, usafiri wa kutoka Mwanza, chakula cha waombolezaji. Ni jambo jema, na tusiliache. Lakini mzee huyohuyo alipokuwa hai akihitaji miwani ya kusomea, nauli ya kivuko kwenda kliniki au mtu wa kukaa naye alasiri moja amsikilize, orodha ya michango ilikuwa fupi. Tunasifu kaburini kile ambacho hatukukiuliza uani.

Wazee waliopo sasa hawakuiona Bukerebe ya Myombekere. Wana ya kwao. Wapo walioona mazao yakipelekwa Mwanza kwa mashua za tanga kabla ya injini kuenea. Wapo wanaokumbuka aina za furu zilizokuwa zikipatikana kabla sangara hajalijaza ziwa, na majina ya kila aina. Wapo wakunga wa jadi, mafundi wa mitumbwi, waliohama vijiji wakati wa Operesheni Vijiji, walimu wa kwanza wa kisomo cha watu wazima. Wapo wanaojua mpaka wa shamba la kila ukoo, na pale wasipokuwepo tunaishia baraza la ardhi. Kila mwaka idadi yao inapungua.

Tunachoomba mwaka huu

Kwa hiyo, pamoja na madawati na ukarabati wa zahanati kama ilivyoelezwa katika ukurasa wa bajeti, harambee ya mwaka huu ina fungu dogo la wazee. Linakusudiwa kwa mambo matatu. La kwanza ni kuwasaidia wazee wasio na watoto wa kuwatunza, maana Mzee Kitereza na Bibi Anna walizeeka katika hali hiyo, na nyumba za namna hiyo zipo katika kila kata. La pili ni kuwapa vijana wetu waliomaliza kidato cha nne vifaa na nauli ya kuwatembelea wazee, kuwarekodi kwa ridhaa yao na kuandika waliyosema. La tatu ni kununua nakala za kitabu cha Mzee Kitereza kwa ajili ya shule zetu.

Kutoa kwa fungu hili ni kwa hiari kama mafungu mengine. Lakini kuna mchango mmoja usiohitaji fedha. Wengi wetu tutakwenda nyumbani Desemba. Tutavuka kutoka Kirumba au Kisorya, tutashuka na mizigo ya sukari, sabuni na nguo, tutakaa siku nne au tano, na tutarudi. Safari hii tenga alasiri moja. Kaa na baba, mama, babu, bibi, shangazi au jirani aliyewazidi wote umri. Muulize alizaliwa wapi na nani alimpa jina hilo. Muulize alioaje, au aliolewaje, na mahari ilikuwa nini. Muulize ni nani waliozikwa chini ya mwembe ule. Washa simu irekodi, kwa idhini yake, halafu unyamaze usikilize.

Mzee Kitereza hakupata mtoto wa kumrithi. Sisi sote tulioachiwa kitabu chake tumekuwa warithi, na mrithi ana wajibu. Karibuni katika harambee.