Fourier: Yatima Aliyefumua Mawimbi

Wavuvi wetu wajua kwamba maji hayafuati mwezi peke yake. Mwezi na jua vikivuta pamoja huwa bamvua. Kila kimoja kikivuta upande wake huwa maji mafu. Atazamaye pwani huona maji yakijaa na kutoka tu, kumbe ndani yake mna mawimbi mengi yaliyochanganyika. Aliyefundisha hesabu ya kuyatenga ni Mfaransa Joseph Fourier.

Bwana huyu alizaliwa Auxerre mwaka 1768, mtoto wa mshona nguo. Hata miaka kumi na mmoja hajatimiza, alikwisha fiwa na wazazi wote wawili. Mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, alitiwa gerezani, akaponea chupuchupu. Mwaka 1798 alifuatana na jeshi la Napoleon lililoivamia Misri, akawa katibu wa taasisi ya wanachuoni iliyoundwa Kairo.

Aliporudi kwao alipewa kutawala jimbo la Isère. Humo, katikati ya kazi za serikali, alichunguza jinsi joto linavyosafiri katika chuma. Mwaka 1807 aliwapelekea wakuu wa elimu wa Paris andiko lenye dai zito: mstari wowote, hata uwe umepinda vipi, waweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi mepesi. Lagrange, mzee wa hesabu aliyeheshimiwa mno, alikataa. Mwaka 1812 Fourier alipewa tuzo, lakini pamoja na lawama. Kitabu chake kilitoka 1822. Lagrange alikwisha fariki 1813. Fourier mwenyewe alifariki 1830.

Leo hesabu ile inangojewa na kazi kubwa. Mwaka 2024 Shirika la Anga la Ulaya lilipitisha mpango wa LISA: vyombo vitatu, kila kimoja kilomita milioni 2.5 kutoka kwa mwenzake, vitakavyorushwa karibu mwaka 2035 kusikiliza mawimbi ya uvutano. Katika kundi letu la nyota peke yake mna mamilioni ya jozi za nyota zilizokufa, na zote zitasikika kwa pamoja, usiku na mchana. Kila jozi huzunguka kwa mwendo wake, na kwa mwendo huo hesabu ya Fourier huitenga. Maelfu watatambulikana, waliobaki, kwa kukaribiana mno, watakuwa mvumo tu.

Juu ya hayo zitakuja sauti za mashimo meusi yanayogongana. Ukikosea kuitoa sauti moja, kosa huiangukia nyingine; kwa hiyo wataalamu wanajifunza kuzikadiria zote pamoja. Lakini hatua ya kwanza ni ile ile iliyokataliwa Paris mwaka 1807.