REDIO SI MWANA WA RADI

Wasomaji wangu, leo nina deni la kulipa. Nikiwa kijana nilikaa barazani na wazee mjini Kitui, nikawaeleza kwa kujigamba kwamba neno redio limetokana na radi, yaani ra'd ya Kiarabu, ile iliyoipa jina sura ya 13 katika Msahafu. Nilikuwa nimesoma chuoni, na aliyesoma kidogo hudhani kila neno la Kiswahili lina babu yake Uarabuni.

Mzee mmoja wa Kikamba aliniunga mkono. Alikuwa na redio ya betri, na zilipokaribia mvua za vuli hakuisikiliza kwa ajili ya habari tu. Ikianza kukwaruza na kupasuka sauti, hali mbingu haina hata wingu, alijua radi zinapiga mbali, akawahimiza watoto wamalize kupanda katika udongo mkavu. Kitui na Makueni, anayengoja mvua inyeshe ndipo apande huweza kukosa mavuno. Basi maneno yangu yalimwingia sawasawa. Kumbe yalikuwa makosa.

Neno hilo ni la Kilatini, radius, kijiti cha gurudumu kitokacho kitovuni hadi ukingoni, kisha likawa mwale wa nuru. Wataalamu walilichukua kwa kuwa mawimbi hutawanyika kama miale. Waingereza kwa muda mrefu walikiita chombo hicho kisicho na waya. Sisi tungepata taabu kuwafuata, maana simu yetu yatokana na Kiajemi, na huko maana yake ni waya!

Mtu ambaye jina lake limeshikamana na chombo hiki ni Guglielmo Marconi, aliyezaliwa Bologna, Italia, mwaka 1874, baba Mwitalia na mama wa Ireland. Mwaka 1895, nyumbani kwa baba yake, alipeleka ishara nyuma ya kilima. Nduguye akiwa upande wa pili alifyatua bunduki kumjulisha kuwa imefika. Mwaka uliofuata akaenda London na kupata hataza. Tarehe 12 Desemba 1901, akiwa Newfoundland, alitangaza kwamba amesikia nukta tatu zilizovuka Atlantiki kutoka Uingereza. Wengine walimtilia shaka. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Braun, na mwaka 1912, Titanic ilipozama, watu zaidi ya 700 waliokolewa kwa sababu meli nyingine iliupata wito wake.

Lakini simsifu kwa yote. Mwaka 1923 alijiunga na chama cha Mussolini, na utawala huo ndio uliomnyonga Omar al-Mukhtar wa Libya mwaka 1931. Marconi alikufa Roma mwaka 1937, na mitambo ya redio pande nyingi za dunia ikanyamazishwa dakika mbili kwa heshima yake.

Sasa tazameni jambo hili. Mwaka ule ule wa 1895, mwezi wa Mei, Mrusi Popov alionyesha mbele ya wataalamu huko St Petersburg chombo cha kupokea mawimbi. Kazi yake ilikuwa kutambua radi za mbali! Mzee wangu wa Kitui, pasipo kuvuka bahari, alikuwa akiitumia redio kwa kazi ile ile ya Popov.

Kiarabu nacho hakikutoka mikono mitupu. Kimetupa idhaa, ambayo asili yake ni kueneza habari. Ndiyo maana twaita redio kile chombo, na idhaa yale matangazo yatokayo ndani yake.

Siku hizi Wakamba wana vituo vyao vya lugha yao, na utabiri wa mvua hutangazwa humo, wala hapana haja ya kusikiliza mikwaruzo. Nilipopita tena Kitui kwa njia ya Kibwezi na Mutomo, nilimuulizia mzee yule nimrekebishie kosa. Nikaambiwa amekwisha kufariki, Mola amrehemu. Mjukuu wake alinionyesha redio ile juu ya kabati, haina betri.